Sura ya Nne: Mkristo Atajulikana kwa Nini?

Mwanamke Mkristo anayepangiwa kazi Garissa kwa mara ya kwanza huanza kuulizia jambo moja kabla hata hajafunga mizigo. Je, ajitande mtandio? Mwalimu kutoka Kakamega, muuguzi kutoka Nyeri, karani wa benki kutoka Machakos, wote huliuliza, na wenzao waliotangulia huwapa majibu yanayopingana. Mmoja husema mtandio ni heshima tu kwa watu wa mji. Mwingine husema ni kuificha imani. Wa tatu husema ni suala la usalama, basi, na mambo ya imani yabaki kanisani.

Wanaume nao wana lao. Msalaba wa shingoni uonekane juu ya shati au uingizwe ndani? Kibandiko chenye jina la Yesu kwenye kioo cha gari kiachwe au kibanduliwe kabla ya kuvuka daraja la Mto Tana?

Wakristo wa Nakuru, Mwanza na Kampala huuliza swali hilohilo kwa sura nyingine. Wao hubishana kuhusu suruali kwa wanawake, hereni, nywele za bandia na suti ya mhubiri. Chini ya mabishano yote lipo jambo moja: alama za nje zikiondolewa, ni nini kinachobaki cha kumtambulisha Mkristo?

Sura hii inalifuata swali hilo hadi Kaskazini Mashariki ya Kenya. Huko alama za nje zimewahi kumgharimu mtu uhai wake. Na huko aliishi kwa miaka mingi Mkristo mmoja asiyekuwa na vazi la kitawa, cheo wala mshahara, ambaye majirani zake walimjua kwa matendo yake.

Mahali ambapo watu husomwa kwa sura

Kaskazini Mashariki ni kaunti tatu: Garissa, Wajir na Mandera. Mji wa Garissa uko kilomita zipatazo 370 kutoka Nairobi, kwa barabara inayopita Thika na Mwingi kisha kuteremka hadi Tana. Wakazi wengi ni Wasomali, na karibu wote ni Waislamu. Wakristo wengi ni watu waliokuja kwa kazi au biashara: walimu, wauguzi, polisi, wanajeshi, mafundi wa ujenzi, akina mama wanaouza mboga zilizoletwa kwa lori kutoka bara, yaani sehemu nyingine za Kenya.

Katika mji kama huo, macho hufanya kazi haraka. Asiye Msomali huitwa "nywele ngumu". Msomali naye akifika Nairobi huitwa "waria", mara nyingi kwa dharau. Majina hayo hutolewa kabla mtu hajafungua kinywa.

Hata serikali imewahi kuwasoma watu kwa sura. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walilazimishwa kupita kwenye msako wa kuthibitisha uraia wao, zoezi ambalo makabila mengine hayakufanyiwa. Aprili 2014, katika operesheni iliyoitwa Usalama Watch, maelfu ya watu walikamatwa, wengi wao katika mtaa wa Eastleigh, na baadhi wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Mwenye kosa na asiye na kosa walichukuliwa pamoja kwa sababu walifanana.

Al-Shabaab, kundi lenye silaha kutoka Somalia, limefanya hivyo kwa ukatili mkubwa zaidi. Tarehe 1 Julai 2012, siku ya Jumapili, washambuliaji walivamia makanisa mawili ya Garissa, la Africa Inland Church (AIC) na kanisa kuu la Kikatoliki, na zaidi ya watu 15 wakauawa. Tarehe 22 Novemba 2014, basi lililotoka Mandera lilisimamishwa, abiria waliodhaniwa si Waislamu wakatengwa, na watu 28 wakauawa. Kisha ikaja alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, Alhamisi Kuu, katika Chuo Kikuu cha Garissa. Watu 148 walipoteza maisha, wengi wao wanafunzi. Baadhi yao walikuwa wameamka mapema kwa ajili ya ibada ya asubuhi.

Mambo haya ni mazito, na mtu akiyakumbuka ataelewa kwa nini swali la mtandio si la mchezo. Ataona pia jambo jingine. Kumhukumu mtu kwa sura yake ni kosa ambalo likiachwa likue huishia kwenye damu. Biblia inapomwonya muumini asitazame sura, inazuia madhara makubwa kuliko aibu ya mtu aliyedharauliwa kwa sababu ya viatu vyake.

Tabia ya ndani ni kitu gani?

Wengi hutumia maneno "tabia ya ndani" bila kuyafafanua. Katika sura hii yana maana moja: mazoea ya moyo yanayoamua mtu atafanya nini wakati hakuna anayemwona, au wakati kutenda mema kutamgharimu. Mnunuzi akirudishiwa chenji ya ziada kimakosa, mwalimu akiwa peke yake na karatasi za mtihani, mkubwa wa ofisi akiletewa bahasha, hapo ndipo tabia ya ndani hufanya uamuzi.

Maandiko yanalirudia jambo hili kwa visa vya watu wanaoeleweka kwa urahisi. Katika 1 Samweli 16, nabii Samweli anatumwa nyumbani kwa Yese kumpaka mafuta mfalme mpya. Anapomwona Eliabu, kijana mrefu mwenye umbo la kupendeza, anadhani kazi imekwisha. Mungu anamzuia na kumfundisha kwamba Yeye huangalia moyo. Aliyechaguliwa alikuwa malishoni na kondoo, na hakuna aliyekuwa amefikiria kumwita.

Inafaa kukumbuka kwamba aliyekosea pale alikuwa nabii. Miaka mingi ya kumtumikia Mungu haikumponya ugonjwa wa kutazama kimo.

Katika Mathayo 23, Yesu anawaendea watu wa dini wenyewe. Walipanua alama zao za ibada, wakapenda viti vya mbele na salamu za sokoni, lakini haki na huruma waliziacha. Mathayo 6 inakwenda mbali zaidi, kwani sadaka, sala na mfungo, mambo mema kabisa, yanaweza kugeuka maonyesho mtu akiyafanya ili atazamwe. Naye Petro, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3, anawaandikia wanawake wa zama zake kuhusu kusuka nywele na dhahabu. Anawaelekeza kwenye urembo wa moyo mpole, ambao hauchakai.

Kwa ufupi hadi hapa:

- Tabia ya ndani hujulikana kwa maamuzi, hasa yale yenye gharama.
- Kutazama sura ni kosa hata la watu wa Mungu waliokomaa.
- Hata tendo jema la dini laweza kuwa vazi la nje.

Mwanamke wa Wajir

Mwaka 1969, Mwitaliano kijana aitwaye Annalena Tonelli aliwasili Kenya. Alizaliwa mwaka 1943 katika mji wa Forlì na alikuwa amesomea sheria. Hakuwa mtawa, wala hakuajiriwa na shirika lolote. Alikuwa Mkatoliki wa kawaida aliyetaka kuwatumikia maskini. Alifika Wajir akaanza kufundisha shuleni.

Kila kitu cha nje kilikuwa dhidi yake. Alikuwa mgeni, mweupe, kijana na Mkristo, tena hakuwa ameolewa, jambo ambalo majirani zake Wasomali walishindwa kulielewa. Hakuwa na cheo cha kumfungulia milango. Vazi la kitawa, ambalo kwa kawaida humweleza mtu kabla hajajieleza, hakuwa nalo. Picha zake nyingi zinamwonyesha akiwa na kitambaa kichwani na gauni refu lisilo na urembo wowote.

Wajir ya siku hizo ilisumbuliwa sana na kifua kikuu, ugonjwa wa kuambukiza ambao hushambulia hasa mapafu. Dawa zilikuwepo, ila matibabu yalidumu mwaka mzima au zaidi. Mfugaji anayehamahama na ngamia wake hawezi kukaa mwaka mzima kando ya zahanati. Akipata nafuu kidogo huondoka, ugonjwa humrudia, na safari hii dawa zilezile zaweza kushindwa kumtibu. Juu ya hayo, familia nyingi ziliuonea aibu ugonjwa huo na kuwaficha wagonjwa wao.

Mwaka 1976 Tonelli alikabidhiwa mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani. Mpango wake ulifuata maisha ya wafugaji yalivyokuwa. Wagonjwa walikuja na mikeka na vijiti vyao, wakajenga vibanda karibu na hospitali, mahali pakaitwa manyatta, yaani kijiji cha vibanda vya muda. Kila siku mgonjwa alimeza dawa mbele ya mhudumu. Kwa dawa mpya za wakati huo, matibabu yalipunguzwa hadi miezi 6. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilieneza duniani kote utaratibu wa mgonjwa kumeza dawa akiangaliwa, na kazi ya Wajir hutajwa miongoni mwa zilizoutangulia.

Msomaji anaweza kuona hizo ni habari za tiba, na kuuliza tabia ya ndani imeingilia wapi. Imeingilia katika kurudia. Kumpa mgonjwa dawa mara moja na kupiga naye picha ni rahisi. Kumwangalia akimeza kila siku kwa miezi 6, pamoja na mamia wenzake, katika joto la Wajir, huku akikohoa mbele yako, kunahitaji kitu ambacho hakionekani kwenye picha. Biblia hukiita uvumilivu, na Paulo anakiorodhesha katika Wagalatia 5 pamoja na upendo, upole na kiasi, kama matunda ya Roho.

Tonelli hakuficha kwamba ni Mkristo, na sala ilikuwa sehemu ya kila siku yake. Hata hivyo hakumpa mtu dawa kwa sharti la kubadili dini. Mwenyewe alisimulia baadaye jinsi watu waliompenda walivyosikitika kwamba hangeingia peponi kwa kuwa hakuwa Mwislamu, hadi mzee mmoja mwenye heshima alipowaambia kwamba wao wana imani, lakini huyu ana upendo.

Siku za Wagalla

Februari 1984 tabia ya Tonelli ilipimwa. Vikosi vya usalama viliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, katika operesheni ya kuwanyang'anya silaha. Walizuiliwa kwa siku kadhaa kwenye jua kali bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Kwa miaka mingi serikali ilitaja vifo 57 tu. Manusura na familia zao wamesema siku zote kwamba waliouawa walikuwa wengi mno kuliko hao, na makadirio mengine hufikia maelfu. Suala hilo lilichunguzwa na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa ripoti yake mwaka 2013.

Wanaume hao walichukuliwa kwa sababu ya ukoo wao. Hakuna aliyeulizwa alifanya nini.

Tonelli na wenzake walikwenda porini kuwatafuta majeruhi na kuokota maiti. Habari walizokusanya zilisaidia kuufikisha ukweli nje ya Wajir. Baadaye alilazimika kuondoka Kenya. Aliendelea na kazi hiyohiyo Somalia, akahudumu Merca na baadaye Borama, ambako alijenga hospitali ya kifua kikuu na kuanzisha shule ya watoto viziwi. Mwaka 2003 alipewa Tuzo ya Nansen, heshima ambayo shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa huwapa watu waliowatumikia wakimbizi. Miezi michache baadaye, tarehe 5 Oktoba 2003, alipigwa risasi na kuuawa ndani ya eneo la hospitali yake. Alikuwa na umri wa miaka 60.

Tuzo ilikuja baada ya zaidi ya miaka 30 ya kazi. Mtu anayetafuta kuonekana asingengoja muda huo wote, tena Wajir na Borama.

Basi la Makkah

Ingekuwa rahisi kuimaliza sura hii kwa kumsifu Mkristo mmoja. Lakini kutazama moyo kunamdai muumini jambo la pili, ambalo huwa gumu zaidi: kumtazama jirani asiye wa dini yake kwa jicho hilohilo.

Tarehe 21 Desemba 2015, basi la kampuni ya Makkah lilikuwa likielekea Mandera lilipovamiwa karibu na El Wak. Washambuliaji waliwaamuru abiria wajitenge, Waislamu upande mmoja na Wakristo upande mwingine. Waislamu walikataa. Wanawake walikuwa wamekwisha kuwapa abiria wenzao Wakristo hijabu wajifunike, na wanaume wakawaambia wavamizi wawaue wote au wawaache wote. Watu wawili waliuawa katika shambulio hilo, lakini yale mauaji ya mwaka uliotangulia hayakurudiwa.

Miongoni mwa waliojeruhiwa alikuwa Salah Farah, Mwislamu na naibu mwalimu mkuu. Alifia hospitalini Nairobi mwezi Januari 2016, na Rais akamtunukia nishani baada ya kifo chake. Kisa hicho ndicho msingi wa filamu fupi *Watu Wote* ya mwaka 2017, iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018.

Mkristo aliyezoea kusema "hao watu wa hijabu" anapaswa kulitafakari basi hilo. Kitambaa ambacho kwake kilikuwa alama ya dini ya wengine kilivuliwa kichwani kwa mmoja kikawekwa kwa mwingine, na aliyekitoa alijua kwamba angeweza kufa kwa kukitoa. Katika Luka 10, Yesu alipoulizwa jirani ni nani, alimpa heshima Msamaria, mtu ambaye wasikilizaji wake walikuwa wamekwisha kumhukumu kwa kabila na dini. Basi la Makkah linaeleweka vizuri likisomwa kando ya sura hiyo.

Halikuwa tukio la peke yake. Baada ya mashambulizi ya Julai 2012, viongozi wa Kiislamu walitangaza kwamba vijana wao watasaidia kuyalinda makanisa ya Garissa siku za ibada.

Viti vya mbele

Kuna mahali ambapo Wakristo huhukumiana kwa sura bila kuhitaji mtu wa dini nyingine, napo ni ndani ya kanisa. Yakobo 2 inaeleza watu wawili wanaoingia ibadani, mmoja ana pete ya dhahabu na mavazi ya kung'aa, mwingine ana nguo chakavu. Wa kwanza anaonyeshwa kiti kizuri. Wa pili anaambiwa asimame kule au aketi chini. Yakobo anauita ubaguzi huo dhambi, bila kuzungukazunguka.

Kenya inaijua picha hiyo. Gari kubwa likiegeshwa Jumapili, wahudumu hukimbia, waliokaa mbele husogezwa, ratiba hubadilishwa, na kipaza sauti hukabidhiwa mgeni aliyekuja na bahasha. Hakuna anayeuliza fedha zimetoka wapi. Ndiyo maana Wakenya wengi walishtuka mwezi Novemba 2024, Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, alipoagiza zirudishwe fedha ambazo Rais William Ruto alikuwa ametoa katika Parokia ya Soweto. Watu walibishana, na bado wanabishana. Lakini waumini wengi walijiuliza kwa mara ya kwanza kama kanisa linaweza kumpokea mtu mkubwa kama linavyompokea mfua nguo, kwa kiti kimoja na salamu moja.

Makanisa ya Garissa yana fundisho lake hapa. Siku za ibada polisi wenye silaha hukaa langoni, na anayeingia hukaguliwa, awe meneja au fundi. Wanaopita lango hilo wanajua hatari wanayoikubali kwa kuja kusali. Kanisa lililopitia hayo lina kila sababu ya kumheshimu kila aliyefika, bila kujali alifika na nini.

Je, mavazi basi hayana maana?

Wapo wanaolitumia fundisho hili kama kisingizio. Husema, "Mungu anaujua moyo wangu," kisha huvaa, husema na hutenda wapendavyo. Maandiko hayawaungi mkono. Katika 1 Wakorintho 8 hadi 10, Paulo anazungumzia chakula ambacho yeye mwenyewe hakioni kuwa na tatizo, na bado yuko tayari kukiacha kikimkwaza mwingine. Uhuru wake aliutawala kwa upendo.

Swali la mtandio linapata jibu katika fikra hiyo. Mwalimu anayejitanda kwa sababu anawaheshimu wazazi wa wanafunzi wake anatenda kwa moyo mwema. Akijitanda kwa ajili ya usalama wake njiani, hajamkana Kristo. Anayejitanda sokoni ili adhaniwe Mwislamu apunguziwe bei, huku rohoni anawadharau wauzaji, ana tatizo, na tatizo hilo haliko kichwani pake. Vilevile asiyejitanda anaweza kufanya hivyo kwa dhamiri safi au kwa kiburi tu cha kuwaonyesha watu kwamba yeye hatishiki.

Kwa hiyo vazi lilelile laweza kubeba upendo, hofu, ujanja au majivuno. Anayetaka kujua ni lipi atalazimika kuishi karibu na mvaaji kwa muda.

Mambo ambayo jirani huyaona

Tabia ya ndani haibaki ndani milele. Hutoka, na katika mji mdogo hutoka haraka. Mwenye duka wa Kisomali pale Bula Iftin, Garissa, huenda asijue tofauti ya AIC na Anglikana, lakini daftari lake la madeni linajua ni mteja gani hulipa mwisho wa mwezi na yupi hubadilisha njia. Jirani Mwislamu anaweza kuona mambo kama haya:

- Deni. Mkristo anayekopa unga hulipa siku aliyoahidi, na akishindwa huenda mwenyewe kueleza.
- Mizani. Mama anayeuza nyanya na vitunguu hujaza kipimo kilekile kwa mtoto aliyetumwa kama kwa mtu mzima.
- Ofisi. Karani hatafuti chai, yaani hongo, ili faili ya mfugaji asiyejua kusoma isogee.
- Wodi. Muuguzi humhudumia bibi asiyejua Kiswahili kwa subira ileile anayompa mke wa mkubwa, na humtafutia mkalimani.
- Ramadhani. Mkristo hupunguza muziki, wala hali chakula hadharani mbele ya wanaofunga, bila kulazimishwa.
- Ulimi. Mkristo akiwa na watu wa bara peke yao, hawasemi Wasomali kwa maneno ambayo hangethubutu kuyarudia mbele yao.

Jambo la mwisho ndilo linalowashinda wengi. Baada ya mauaji ya 2014 na 2015, uchungu ulikuwa mkubwa na wa haki. Walimu wengi wa kutoka bara waliondoka, na hakuna anayeweza kuwalaumu. Lakini maneno ya kulilaani kabila zima yaliingia hadi kwenye vikundi vya maombi, na humo yakabaki. Ndugu wa Salah Farah wakiyasikia maneno hayo watasema nini?

Kwa ufupi

1. Alama za nje, yaani mtandio, msalaba au suti, zinaweza kubebwa na moyo wowote. Peke yake hakuna inayothibitisha imani wala kuikana.
2. Tabia ya ndani hupimwa kwa muda na kwa gharama. Annalena Tonelli aliishi Wajir miaka mingi, na mwaka 1984 ukaonyesha kilichokuwa moyoni mwake.
3. Anayetaka Mungu autazame moyo wake anadaiwa kuutazama moyo wa jirani yake, hata jirani huyo akiwa wa dini nyingine.
4. Kuthamini moyo hakumpi mtu ruhusa ya kupuuza heshima ya mahali alipo.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kanisa lenu, ni nani hupewa kiti cha mbele asipokiomba? Ni nani hajawahi kupewa?
2. Taja jirani mmoja wa dini nyingine anayekufahamu vizuri. Akiulizwa na mgeni wewe ni mtu wa aina gani, atatoa mfano gani?
3. Ni kundi gani la watu ambalo mmezoea kulizungumzia kwa jina la dharau, hata mkiwa katika maombi? Mnaweza kuanza lini kuliacha jina hilo, na nani atawakumbusha?
4. Wiki hii, ni deni gani, ahadi gani au kosa gani la kuomba radhi ambalo halijulikani kanisani lakini linajulikana dukani, kazini au nyumbani kwa jirani? Kila mmoja aliandike, aweke tarehe ya kulimaliza, na amweleze mtu mmoja anayemwamini.